Machela ya Daktari Eliaichi

Kaburi la Daktari Eliaichi lilikuwa limeshachimbwa Same mjini. Maturubai yamefungwa, viti vimepangwa kwa mistari, na mgeni rasmi ametengewa kiti chenye kitambaa cheupe karibu na spika. Kilichokosekana ni marehemu. Marehemu alikuwa Gonja, chini ya mlima, ndani ya gari, mbele ya kalvati lililobebwa na mvua, kwa sababu binti yake wa pekee alikuwa amekataa.

Irine alikataa kwenye kikao cha ukoo, akakataa mbele ya mchungaji, akakataa hata kwenye simu na shangazi aliye Tanga. Watu wa Same wanamjua Irine: ndiye yule mwenye duka la spea za bodaboda karibu na stendi, ambaye ukimwambia kifaa fulani hakipatikani anakuuliza umekitafuta wapi na wapi, utaje. Kwa kikao kizima alisema maneno yaleyale. "Mama aliniambia, 'Unizike kule juu Ikanzo, kwenye kahawa, ubavuni kwa baba yako. Miaka yote watu walishuka kunifuata mimi. Sasa mimi nataka kupanda.' Nikamjibu, 'Ndiyo, mama.' Basi. Nimeshajibu."

Sasa walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa shimo lenye maji ya tope, saa tatu asubuhi, yeye na Rogath, mdogo wa marehemu baba yake, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mtu wa suti na simu mbili.

"Umeona?" Rogath alisema. "Nilikwambia barabara hakuna."

"Leo ndiyo umeiona haipo, baba mdogo?"

"Usinijibu hivyo. Kaburi limechimbwa kule. Unajua desturi: kaburi likishachimbwa haliachwi wazi."

"Zikeni mgomba, kama wazee walivyofanya kwa waliopotelea mbali. Mgomba nao utapata mgeni rasmi."

Dereva aligeuka pembeni akacheka ndani ya kola ya shati.

Barabara! Hebu isemwe habari ya barabara hiyo, maana wapo wanaodhani ni mvua ya juzi. Mwaka 1974 walikuja watu wenye darubini ya miguu mitatu, wakapima, wakachinjiwa kuku, wakashuka. Mwaka 1989 wakaja wengine na vigingi vyenye rangi nyekundu. Vigingi vikawa magoli ya watoto. Mwaka 2005 greda lilipanda kilomita moja, likaharibika, likashushwa kwa kuvutwa, na uchaguzi ulipokwisha halikuonekana tena. Mwaka 2019 likaletwa bango kubwa lenye maneno mazuri. Leo lile bango ni mlango wa banda la mbuzi, na ni mlango imara, tuseme ukweli. Hata kalvati hilo lililokatika waliliweka wana Ikanzo wenyewe kwa msaragambo, kila nyumba jembe lake na siku yake. Kuku wa Ikanzo wameliwa na watu ambao leo wamestaafu na wananenepa. Na wanawake wa Ikanzo waliendelea kushuka kujifungua wakiwa juu ya mabega ya watu.

Mabega hayo yalipangwa na Daktari Eliaichi. Alifika hospitali ya Gonja mwaka 1979, msichana mwembamba mwenye saa ya kiume mkononi. Mwaka wa pili akapanda mlima kwa miguu kuona kwa nini akina mama wanamfikia wakiwa wameshachelewa. Akaona: watu wanne wanabeba machela, miti miwili na blanketi, kutoka Ikanzo mpaka chini, saa tano, wenyewe hoi, mgonjwa hoi zaidi. Akatazama saa yake. Akaigawa njia vituo vitatu: pale panapoitwa leo Kwa Ruthi, Ndivani penye bwawa la kumwagilia, na Jiweni. Kila kituo wabebaji wanne, uji wa moto na blanketi kavu. Pembe ndiyo simu yao. Mlio mmoja mrefu ni msaragambo. Miwili mirefu ni msiba. Mitatu mifupi ni mgonjwa wa machela, na hapo kuna sheria moja tu aliyoiweka mwenyewe: ukisikia mitatu, unaacha ulichoshika. Hakuna kuuliza ni nani. Saa tano zikawa mbili na nusu.

Irine aliichukia milio mitatu. Aliisikia akiwa na kijiko mdomoni, mama akainuka. Aliisikia akiwa na homa, mama akamkabidhi kwa jirani. Na siku ya kipaimara chake, akiwa na miaka kumi na minne, kagauni keupe, viatu vya kuazima, mbele ya usharika mzima wa Gonja, mchungaji anakaribia kuwawekea mikono, pembe ikalia mlimani mara tatu. Irine hakugeuka. Hakuwa na haja ya kugeuka. Alisikia benchi likilia na viatu vya mama yake vikitoka nje. Miaka ishirini na saba imepita. Mama alipozeeka akaja kukaa naye Same, Irine akamuogesha, akamlisha, akamkata kucha, na hawakuizungumza siku hiyo hata mara moja.

"Watu wa kubeba wako wapi?" Rogath aliuliza.

Walikuwepo wanane, na wanne kati yao wanatembelea fimbo. Kamati ilikuwa imeshatangaza kwamba mazishi ni Same, kwa hiyo mlimani watu walikuwa mashambani kwenye tangawizi, wamenuna, wakijua wameporwa daktari wao. Hao wanane walishuka kwa ubishi tu. Kiongozi wao alikuwa Mzee Simeoni, mpuliza pembe, miaka sabini na tisa, pembe yake ya tandala ikining'inia kifuani kwa kamba ya katani. Pamoja naye alikuwa Beatrice, mkunga mstaafu, aliyefanya kazi na daktari tangu wote wawili wakiwa na meno yote.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi," Irine alisalimia.

"Marahaba mwanetu," Simeoni alijibu, akilitazama jeneza likitolewa garini. Lilikuwa jeneza la kamati: vioo, vishikio vya shaba, zito kama kabati la hoteli. Watu sita walilibeba hatua kumi wakalitua.

"Hili halikati kona za Jiweni," Beatrice alisema. "Tutaanguka nalo."

"Ndiyo maana nasema," Rogath akadakia. "Saa nane kamili nageuza gari. Mkikwama, mnanirudishia hapahapa tunakwenda Same. Mgeni rasmi hawezi kungojea watu wanaocheza."

Irine alilitazama jeneza, kisha mlima. Hakuwa amelifikiria jambo hilo kabla. Lilimjia mdomoni lenyewe.

"Bibi Beatrice, machela ipo?"

"Iko pale nyumbani kwa Yunus, chini ya upenu. Kwani... eh!" Beatrice akashika mdomo. Kisha akauachia. "Eh, mwanangu! Ndivyo mwenyewe angefanya!"

"Mnataka kufanya nini?" Rogath aliuliza. "Mnamtoa? Irine! Mnamtoa mtu kwenye jeneza?"

"Namlaza kwenye kitanda chake."

Mchungaji aliyekuja nao alikuwa kijana. Alimtazama Beatrice, akavua koti lake la suti kusaidia. Beatrice alimviringisha daktari kwa mablanketi mawili na khanga tatu, kichwa akakiinua kidogo juu ya mto, kama alivyofundishwa na huyohuyo anayemfunga. Ukimtazama kwa mbali ungesema mgonjwa amesinzia.

"Babu, puliza msiba," Irine alisema. "Wajue tunakuja."

Mzee Simeoni akaweka pembe mdomoni. Alivuta pumzi, macho kayaelekeza kwenye lile blanketi, kwenye ile machela, na miaka arobaini na zaidi ikamshika midomo. Akapuliza. Fupi. Fupi. Fupi.

"Babu," Irine akanong'ona, "umepuliza mitatu."

Mzee aliishusha pembe akaikodolea macho kama imemsaliti. "Nimekosea. Mungu wangu, nimekosea! Nimeona machela, midomo ikaenda yenyewe. Ngoja nirudie."

Lakini huko juu Jiweni pembe nyingine ilikuwa imeshaipokea: fupi, fupi, fupi. Na juu yake Ndivani. Na juu kabisa, nyembamba kama mbu, Kwa Ruthi. Kisha wakaona. Mashamba ya tangawizi yalianza kutoa watu. Mmoja, watatu, kumi. Majembe yalitupwa. Mwanamume alishuka kwenye tuta akiruka, shati mkononi. Mlima ulionuna ulikuwa unakimbia!

"Usirudie," Irine alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Babu, usiguse hiyo pembe. Shikeni miti, twende!"

Walipofika Jiweni, wabebaji wanne walikuwa wameshapanga mstari, mikono imenyooshwa.

"Mbona mnapanda?" kijana mmoja aliyeitwa Anaeli alifoka. "Mgonjwa anashushwa! Mmelewa?"

"Beba kwanza, uliza baadaye," Beatrice alimjibu. "Sheria huijui?"

Anaeli akaingiza bega. Walikwenda mwendo wa kukimbia, ule mwendo wa kukunja magoti kidogo ili mgonjwa asiruke, na hakuna aliyekumbuka kwamba mgonjwa huyu haumii tena. Irine alikimbia pembeni, viatu mkononi, akihema, akicheka bila kujua anacheka nini.

Ndivani, ukingoni mwa bwawa, alikuwa anawangojea Blessing, mke wa Sadock fundi seremala, mimba ya kwanza, tumbo limemtangulia. Alikuwa na kikombe cha uji kinachotoa moshi. Kabla Beatrice hajamkamata mkono alishainama juu ya machela, akafunua blanketi.

"Pole mama. Usifunge macho. Kunywa kidogo, unatia nguvu..."

Kikombe kikabaki hewani.

Watu wote wa Ndivani wakasogea. Aliyekuwa na kofia akaivua. Blessing alitazama uso ule mwembamba, nywele nyeupe zilizosukwa mistari minne, na machozi yakamtoka, ila mdomo wake ukawa unatabasamu.

"Kumbe ni wewe, daktari," alisema. "Leo na wewe umebebwa. Karibu nyumbani." Akamfunika taratibu mpaka kidevuni, kisha akageuka na kikombe. "Nani ana kiu? Uji wa daktari haumwagwi!"

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Watu walitaka zamu. Waliosukumwa walisukuma. "Mimi alinitoa tumboni nimetanguliza miguu!" "Mimi alinichanja!" "Mama yangu aliongezewa damu ya daktari mwenyewe, jamani, damu yake!" Machela ilikwenda juu kama inateleza.

"Wewe Irine," Anaeli alisema akiwa amekataa kupokewa, jasho likimchuruzika, "mimi ndiye yule wa kipaimara chako. Mama yangu anasema niliwatoa kanisani."

"Muongo mkubwa!" Sadock fundi akapaza sauti kutoka mti wa nyuma. "Wa kipaimara ni mimi! Wewe ni wa Pasaka."

"Pasaka ya nani? Lete kadi ya kliniki!"

"Kadi ilinyeshewa!"

"Aha! Hakuna kadi, hakuna kesi!"

"Nina shahidi! Nina mashahidi watatu, wawili wako hai!"

"Twende barazani!"

"Twende hata leo!"

Na walikuwa wanabeba, miguu haijakosea hatua hata moja. Upare ndio huu: watu wanaweza kupandisha maiti mlimani na kesi juu yake, na vyote viwili vikafika. Irine alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu kicheko kikamkatika katikati. Miaka ishirini na saba ameichukia siku ile, na hapa wanaume wazima wawili wanaigombania kama shamba.

Kituo cha tatu kilikuwa nyumba ya Ruthi, mama wa makamo, mlango wa bluu, kuku mlangoni. Alikuwa amesimama na blanketi kavu mikononi. Habari ilishamfikia kwa midomo ya wapandaji, naye alishasikia ubishi.

"Nyamazeni nyote wawili," alisema. Wakanyamaza. "Wa siku ya kipaimara alikuwa wangu."

"Yuko wapi?" Anaeli aliuliza. "Aje tumuone!"

"Pale." Ruthi alielekeza kidevu kwenye msalaba mdogo wa mti chini ya migomba. "Hakuishi. Mimi ndiye niliyeishi."

Anaeli aliinamisha kichwa.

Ruthi alimgeukia Irine, akamshika kiganja. "Mama yako hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Alikaa na mimi mpaka asubuhi. Mimi nalia, yeye ananishikilia. Nikamwambia, daktari, nenda kapumzike. Akasema, 'Siwezi kwenda nyumbani sasa. Kuna binti amevaa nguo nyeupe, nimemwacha mbele ya watu. Nikifika atanitazama, na nimerudi mikono mitupu. Nitamwambia nini?' Nikamwambia, mwambie mimi niko hai. Akasema, 'Siku moja utamwambia wewe.'" Ruthi alifuta pua kwa upande wa khanga. "Mara ngapi nimepita pale dukani kwako Same, mwanangu, nikanunua kitu nisichokihitaji, nikaogopa kusema."

"Kioo cha pikipiki," Irine alisema. Alikumbuka ghafla. "Mara mbili. Nikajiuliza huyu mama pikipiki yake iko wapi."

"Viko ukutani. Najitazamia nikisuka."

Irine alimkumbatia, na alipomwachia alikwenda mbele ya machela, akamgonga Anaeli begani, akauchukua mti. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na ulikuwa na joto la mabega ya watu. "Bado kipande kidogo," alisema. "Nani ana saa?"

"Saba na nusu!"

"Basi kimbieni!"

Waliingia Ikanzo kwa vigelegele, na vigelegele kwenye msiba si jambo la kila siku, ila hakuna aliyekemea. Vijana walishafukua udongo mwekundu kwenye kahawa, ubavuni kwa baba yake, tangu pembe ilipowapita na habari ikawafuata. Sadock alichomoa mbao za mkaratusi alizokuwa amezikausha kwa ajili ya milango, akapiga jeneza jepesi, misumari mdomoni, huku akiendelea kunung'unika kuhusu Pasaka. Mchungaji hakuwa na karatasi ya wasifu. Ilibaki garini na majina ya waheshimiwa. Akauliza kama yupo wa kusema. Irine alisimama.

"Mama yangu aliwaacha wageni, akaacha sahani, akaniacha mimi," alisema. "Nilidhani nilikuwa wa mwisho kwake. Leo nimejua alikuwa akinifikiria usiku kucha huku amemshika mtu mwingine. Mama, umefika. Nilikujibu ndiyo. Umefika."

Jeneza lilishushwa. Irine alitupa konzi ya udongo, watu wakafuata, majembe yakaanza. Kaburi lilikuwa limejaa nusu, wimbo umefika ubeti wa pili, Blessing alipojishika kiuno na kushuka magotini kwenye majani ya kahawa.

Alikuwa amepanda nao njia yote na lile tumbo. Beatrice alishafika kabla ya mume. Aliweka viganja viwili juu ya tumbo, akapapasa, akasikiliza, akapapasa tena, na uso wake ukawa wa kazi.

"Mtoto amekaa mshazari. Huyu hazalii hapa. Ateremke sasa hivi."

Hakuna aliyetoa amri. Mzee Simeoni aliinua pembe, na safari hii hakukosea. Fupi. Fupi. Fupi.

Majembe yalianguka. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mchungaji akafunga kitabu, akasema amina ya haraka, akakunja mikono ya shati. Blanketi lililombeba daktari lilikuwa bado vuguvugu la jua. Blessing alilazwa hapohapo, kichwa kikainuliwa kidogo.

Irine alilitazama kaburi lililobaki wazi nusu. Kisha akatoa simu, huku anakwenda, huku anashika mti wa mbele kulia.

"Baba mdogo! Gari lipo?"

"Lipo," sauti ya Rogath ilitoka imejaa chakula. "Hawa wanawake wa Jiweni wameniletea makande. Lakini saa nane imepita, nilikuwa ndiyo nageuza..."

"Liwashe, ligeuze, lielekee hospitali. Waambie wajiandae kwa upasuaji. Tunashuka na mgonjwa."

"Mgonjwa? Irine, hili ni gari la maiti!"

"Leo linabeba watu wawili, na wote wazima. Lile jeneza la vioo litoe, liweke kando ya njia."

"Na mgeni rasmi?"

"Mgomba, baba mdogo! Mzikieni mgomba!"

Alisikia simu ikiguna, kisha mlango wa gari ukifunguliwa, kisha Rogath akimfokea dereva aache sahani, ashike upande wa pili wa jeneza. Irine akaitupa simu mfukoni. Nyuma yake Mzee Simeoni alikuwa ameketi ukingoni mwa kaburi, pembe magotini, akilichunga mpaka watakaporudi kulimalizia.

"Magoti, kunja magoti," Anaeli alimwambia Irine kutoka mti wa kushoto. "Usimrushe."

"Najua," Irine alijibu. "Nimelelewa na mwenye sheria." Na Kwa Ruthi, wanne walikuwa wameshapanga mstari, mikono imenyooshwa.